Utalala Wapi katika Tallinn?



Toka tuliporudi safari ya Estonia, vijana wa kanisa wanakuja kwangu na maulizo mengi. Wanauliza juu ya ndege, juu ya baridi, juu ya viza. Wazazi wanauliza bei. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza: «Baba Mchungaji, mlilala wapi?» Na mimi ninaona ya kama ulizo lile ndilo la kwanza. Ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikula feza ya watu. Basi leo ninakuandikia, ili siku wewe, ao mtoto wako, ao kwaya yenu mtakapoalikwa katika mji ule ao mji mwingine wa mbali, usianguke pale nilipoanguka.

MJI WENYEWE

Tallinn ni mji mkubwa wa Estonia, kwenye Bahari ya Baltiki. Ngʼambo ya maji ni Helsinki, mji mkubwa wa Finland, na merikebu inavuka kwa muda wa saa mbili hivi. Estonia na majirani wake wawili, Latvia na Lithuania, walikuwa chini ya Umoja wa Kisovieti mpaka mwaka 1991. Ni nchi ndogo. Watu wake wote wanapita kidogo 1.300.000, ni kusema hawafiki watu wa Lubumbashi peke yake. Katika Tallinn wenyewe wanakaa watu karibu 450.000. Toka mwaka 2011 wanatumia feza ya euro.

Tulialikwa na ndugu wa kanisa moja la kule, mwezi wa 6 mwaka 2024, watu wawili: mimi na Mama Prezida wa kamati ya wamama. Yeye ni mjane wa mtumikaji wa machimbo hapa Likasi, mama wa miaka 63, na goti lake la kuume linamsumbua toka zamani. Ukumbuke goti lile, maana litarudi katika habari hii.

Wale waliotualika walilipa tikiti za ndege. Viza na malazi vilikuwa juu yetu. Wamama walifanya kazi miezi minane: mikate ya kukaanga asubuhi mbele ya masomo, samaki mkavu siku ya Posho. Ile feza ilifika mkononi mwangu ikiwa imefungwa katika kitambaa, na mama mweka-hazina akanihesabia mara mbili.

BALOZI NAYE ANAULIZA UTALALA WAPI

Estonia ni katika zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja inayoitwa Schengen. Iliingia humo mwisho wa mwaka 2007. Viza ya kutembelea inakupa siku zisizopita 90 katika muda wa siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 toka mwezi wa 6 mwaka 2024. Sisi tuliwahi kulipa 80. Wakikukatalia, ada hairudi.

Nchi ndogo za Ulaya mara nyingi hazina ubalozi wao katika Kinshasa. Zinapatia nchi nyingine kazi ya kupokea maombi. Kwa hiyo, mbele ya kupanda ndege ya Kinshasa, uliza kwanza ni mlango gani unaopokea watu wanaokwenda Estonia. Toka kwetu mpaka kule ni zaidi ya kilometa 1.500, na vidole vyako vinapigwa alama. Huwezi kumtuma mjomba.

Wataomba paspoti, barua ya mwaliko, tikiti ya kwenda na kurudi, alama ya kama una feza ya kuishi, na asiransi ya magonjwa inayofika angalau euro 30.000. Pamoja na hayo wataomba karatasi inayoonyesha mahali utakapolala. Unaona? Hata balozi anauliza lile ulizo ambalo vijana wetu hawakuniuliza.

Hapa nina neno na wewe kijana. Siku chache mbele ya kupeleka maombi, kijana mmoja wa kwaya alikuja nyumbani usiku. Akasema kwa sauti ndogo: «Baba, uandike jina langu pia. Nikifika kule nitapotea tu, hapana mtu atakusumbua.» Sikumkasirikia. Ninajua hali ya nyumba yao. Lakini nilimjibu ya kama mtu akipotea kule, barua ya mwaliko ya kwaya itakayomfuata inakuwa karatasi ya kufungia karanga. Anayekwenda na kurudi anafungulia wengine mlango. Alitoka bila kuniaga, na mpaka leo tunasalimiana kwa shida. Ninaandika hili ili usifikiri ya kama kukataa kulikuwa rahisi.

KOSA LANGU

Nilitafuta chumba kwa intaneti katika simu. Nilitazama mambo mawili tu: bei na picha. Nikaona vyumba viwili vidogo katika mji wa zamani kabisa, kati ya kuta za mawe. Euro 55 kwa usiku mmoja, vyote viwili pamoja. Picha ilikuwa ya kupendeza, dirisha likitazama mnara wa kanisa. Nikalipa siku tano palepale, euro 275, maana kulikuwa na neno linalosema bei itapanda kesho. Maandiko madogo ya chini sikuyasoma.

Kweli, mji ule wa zamani ni wa ajabu. Umoja wa Mataifa, kwa njia ya UNESCO, uliuweka katika hesabu ya mali ya dunia nzima mwaka 1997. Karibu kilometa mbili za ukuta wa kale zingali zimesimama. Kuna nyumba ya wakubwa wa mji iliyomalizika mwaka 1404, na kwenye uwanja huohuo kuna duka la dawa ambalo karatasi zinalitaja toka mwaka 1422, na mpaka sasa wanauza dawa humo. Katika kanisa la zamani la Niguliste, ambalo leo ni nyumba ya kuonyesha vitu vya kale, kuna picha kubwa ya Bernt Notke ya karne ya 15: Kifo anacheza ngoma na wakubwa wa dunia, papa na mfalme, kila mmoja anavutwa mkono. Mama aliitazama muda mrefu, kiisha akasema: «Huyu hachagui.»

Lakini kulala humo ni neno lingine. Njia zake ni mawe ya mviringo, mguu unateleza. Mji wa juu, Toompea, uko juu ya kilima. Na nyumba za miaka mia sita hazina asanseri. Chumba chetu kilikuwa etaji ya nne, ngazi nyembamba ya kuzunguka. Mama alisimama chini, akainua macho, akasema: «Mungu wangu, hii ngazi iko inaenda mbinguni?» Tulicheka. Alipofika etaji ya pili hakucheka tena. Alikaa juu ya ngazi, akashika goti, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Tena chini yetu kulikuwa nyumba ya pombe. Mwezi wa 6 kule jua linazama karibu saa tano ya usiku, na giza lenyewe halikomai vizuri. Watu wanakaa inje wakiimba mpaka alfajiri. Usiku wa kwanza hatukulala. Usiku wa pili vilevile. Asubuhi ya siku ya tatu goti la Mama lilikuwa limevimba sawa boga. Nilimwendea mwenye nyumba kumwomba arudishie feza ya siku tatu zilizobaki. Akanionyesha yale maandiko madogo, kwa adabu nzuri kabisa. Euro 165 zikapotea. Nilihesabu ni mikate mingapi, nikaacha kuhesabu.

NYUMBA YA MJANE

Ndugu waliotualika walipopata habari walishangaa: «Kwa nini hamkusema?» Siku ileile mama mmoja mzee wa kanisa lao, kambo wa miaka karibu 80, alikuja kutuchukua. Alikaa Lasnamäe.

Lasnamäe ni kartye kubwa sana upande wa mashariki wa mji, watu zaidi ya 100.000. Ilianza kujengwa wakati wa Wasovieti, katika miaka ya 1970: majumba marefu ya beto, yote yamefanana, mstari baada ya mstari. Hakuna mtalii anayepiga picha pale. Lakini jumba la etaji tisa lina asanseri, basi inapita karibu na mlango, duka liko chini, na usiku kunanyamaza. Dakika 20 hivi kwa basi unafika katikati ya mji. Mama alilala saa kumi bila kugeuka.

Watu wengi wa Lasnamäe wanasema Kirusi. Baada ya vita ya pili, serikali ya Wasovieti ilileta watumikaji wengi toka Urusi na sehemu nyingine, kwa ajili ya viwanda na machimbo. Mwenyeji wetu aliolewa na mmoja wao. Bwana wake alifanya kazi miaka mingi upande wa Kohtla-Järve, mashariki ya nchi, ambako wanachimba jiwe linaloshika moto. Si makala, ni jiwe la rangi ya udongo lenye mafuta ndani, na Waestonia wanaliita põlevkivi, ni kusema jiwe linalowaka. Kwa jiwe lile walipata umeme wa nchi nzima miaka mingi.

Usiku ule mjukuu wake alikuwa mtafsiri. Mama alisema Kiswahili, mimi nikageuza katika Kiingereza changu cha kuvunjika, kijana akageuza katika Kirusi. Neno moja lilifanya safari ndefu kuliko sisi. Kiisha yule mama mzee aliingia chumbani akatoka na kofia ngumu ya bwana wake na taa ya shimo. Mama aliipokea. Akaigeuza, akaweka kidole mahali taa inapoingia, akanyamaza. Kiisha akasema kwa Kiswahili, na hakuna aliyetafsiri: «Ni ileile.» Wajane wawili walikaa hivyo wakiishika, mmoja upande huu, mmoja upande huu. Mimi nilitoka kwenda kutazama majumba kwa dirisha.

Kijana alinieleza neno lingine. Uhuru uliporudi mwaka 1991, wale waliokuja wakati wa Wasovieti na watoto wao hawakupata uraia mara moja. Ilipasa wajifunze Kiestonia na kufanya mtihani. Wengine wangali na paspoti ya rangi ya majivu, ya mtu asiye na uraia wa nchi yoyote. Waestonia nao wana sababu zao: nchi yao ilichukuliwa kwa nguvu, wengi wao walipelekwa Siberia, na lugha yao ilikuwa karibu kumezwa. Nilisikiliza pande mbili. Nilikumbuka utoto wangu, miaka ya 1992 na 1993, nilipoona jamaa za asili ya Kasai, waliozaliwa hapa kwetu, wakilala na vyombo vyao kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Baba zao pia waliitwa na kazi ya machimbo. Machimbo yanaita watu, kiisha watoto wa watu wanaulizwa ni wa wapi. Sikuvuka dunia ili nikutane na ulizo lile, lakini nilikutana nalo katika Lasnamäe, na katika chumba changu kizuri cha mji wa zamani sikungekutana nalo.

HOTELI NA MNARA

Wasovieti walijua vizuri nguvu ya ulizo «utalala wapi». Katika mwaka 1972 walifungua hoteli ndefu katikati ya Tallinn, Viru, na wageni wa inje walilazwa humo. Asanseri ilionyesha etaji 22. Lakini kulikuwa na ya 23, na humo watu wa KGB walikaa na vyombo vya kusikilizia maneno ya vyumbani. Mgeni alilala vizuri, alikula vizuri, na hakujua mji hata kidogo. Mji ndio uliomjua. Leo hoteli ingali inafanya kazi, na ile etaji ya juu unaweza kuitembelea, wanaonyesha vyombo vyenyewe.

Jumapili tuliingia kanisa la Oleviste. Ni kanisa la kale, mnara wake unafika karibu metre 124, na zamani ulikuwa katika minara mirefu ya Ulaya. Mwaka 1950 serikali ililazimisha makanisa madogo manane ya mji, Wabatisti na wengine, kukaa pamoja katika jengo lile moja. Walifikiri watagombana na kwisha. Hawakwisha, wangali pamoja mpaka leo. Na wakati wote ule, juu ya vichwa vyao, KGB walitumia mnara uleule kwa radio zao. Chini watu wanaomba, juu watu wanasikiliza. Sisi Waprotestanti wa Kongo, ambao serikali ilituweka pamoja katika jamii moja ya makanisa, tunaelewa kidogo.

Usifikiri ya kama watu wote wa kule wanaingia kanisa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, watu 29 tu katika 100 walisema ya kama wana dini. Lakini kuimba wanapenda wote. Toka mwaka 1869 wanafanya sikukuu kubwa ya nyimbo, na uwanja wake uko kati ya Kadriorg na Pirita. Katika mwaka 1988 watu wengi sana walikusanyika katika uwanja ule wakiimba nyimbo za nchi yao zilizokatazwa, na kwa hiyo uhuru wao unaitwa mapinduzi ya kuimba. Wewe wa kwaya, ukifika Tallinn, nenda ukasimame pale hata kama ni patupu.

BASI, UTACHAGUAJE?

Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, namna anavyokaa kwanza na kuhesabu. Na wewe ukae kwanza. Fanya maulizo haya kwa utaratibu, na bei iwe ya mwisho.

La kwanza: ninakwenda na nani? Ukiwa na mzee, mgonjwa, ao mama mwenye mtoto mgongoni, tafuta etaji ya chini ao nyumba yenye asanseri, na njia isiyo ya mawe. Mji wa zamani uutembelee mchana, ulale pengine.

La pili: ninataka kukutana na nani? Ukitaka kuona majengo tu, kaa karibu na stesheni inayoitwa Balti jaam. Soko liko pale na ukuta wa mji wa zamani uko mbele yako. Nyuma ya stesheni ni Kalamaja, kartye ya zamani ya wavuvi, nyumba za mbao. Ukitaka bustani na utulivu, ni Kadriorg. Lakini ukialikwa na watu, waulize kwanza wao watakulaza wapi. Sisi tuliona haya kuuliza, na haya yetu ilikuwa ghali.

La tatu: ni wakati gani? Mwezi wa 6 mpaka wa 8 kuna joto kidogo na bei zinapanda. Mwezi wa 12 mchana ni saa sita tu, njia zina barafu, na nguo za Katanga hazifai.

La nne: jiko liko? Ukiweza kupika mwenyewe, feza inadumu. Bukari hutapata, lakini viazi na samaki viko, na mkate wao mweusi unashibisha.

La tano: nikikatazwa viza ao nikibadilisha shauri, feza inarudi? Soma maandiko madogo. Chukua chumba unachoweza kukiacha bila kulipa mpaka siku fulani, hata kama kinapita bei kidogo.

Na ukiwa na siku moja zaidi, panda treni ya Narva pale Balti jaam, ushuke Jõhvi, kiisha utafute gari mpaka Kohtla-Nõmme. Kuna shimo lililofanya kazi toka 1937 mpaka 2001. Lilipofungwa hawakulifukia. Watu wanaingia na kofia kichwani kuona namna baba zao walivyofanya kazi. Mtu wa Likasi, Kipushi ao Kolwezi atatoka humo na fikira nyingi juu ya mashimo ya kwetu.

SIKU YA HESABU

Tuliporudi, nilisimama mbele ya kamati ya wamama na karatasi zangu. Nilisoma kila neno: viza, asiransi, basi, chakula. Nilipofika euro 165 nilieleza yote, bila kujificha. Nilingoja makelele. Hayakuja. Mama mweka-hazina, yule aliyehesabu feza mara mbili, aliniuliza neno moja tu: «Baba Mchungaji, mbele ya kulipa ulimuuliza Mama?»

Sikuwa nimemuuliza. Mama alikuwa anakaa nyumba tatu toka kwangu. Nilichagua ngazi, mwingine akazipanda.

Zile euro ninarudisha kidogo kidogo, zimebaki 40. Mama Prezida anasema niache, ya kama bila ngazi ile asingeonana na dada yake wa Lasnamäe. Wanaandikiana kwa simu, kwa msaada wa wajukuu. Lakini ninarudisha.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Tukipanga safari ao kazi, ni nani katika nyumba yetu ambaye hatumuulizi, na ni yeye atakayepanda ngazi?
2. Mgeni akifika katika mji wetu, tunamlaza wapi, na atakutana na nani?